Mama alikuwa msibani, tukamwita aje tule naye hotelini Marangu Mtoni. Wenye wazazi mlimani pitieni hapa

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za wikiendi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, ila kama una mzazi kule juu naomba usome mpaka mwisho kwa sababu hili jambo limenikaa rohoni na nataka kusikia wengine mnafanyaje.

Mimi ni mtu wa Vunjo, Kilimanjaro, ila maisha yako Arusha, mke wangu ni wa Tanga na watoto wamezaliwa hapa hapa mjini. Likizo ya mwezi wa sita hii tukasema Jumamosi tupande tukamsalimie mama Mwika, tulale, Jumapili baada ya ibada turudi. Njia mnaijua, Arusha mpaka Moshi kama kilomita 80, Usa River, Kikatiti, Boma, ukishaipita Moshi unaitafuta Himo, pale unaachana na barabara ya Dar, unaingia Himo mjini afu unakunja kushoto kupanda. Baridi ilikuwa ya mwezi wa sita yenyewe, mlima hauonekani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Sasa sisi wote tunaoenda kwa mama tunajua ratiba ikoje. Ukipiga simu jana yake kwamba unakuja, mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakata mkungu, anamenya ndizi, kuku anachinjwa, na mkifika mnamkuta jikoni macho mekundu kwa moshi, anatoka anafuta mikono kwenye kanga anawasalimia haraka haraka anarudi kwenye chungu. Mnakula, mnashiba, anaosha vyombo, anaanza kufungasha ndizi na parachichi za kwenda nazo mjini, mnaondoka. Ndo kusalimia kwenyewe huko.

Safari hii tukiwa Kiboriloni simu ikaingia. Jirani yake amefiwa usiku, yuko msibani tangu usiku, hajawasha hata jiko. Akaniambia "mwanangu kuleni huko njiani, msije na njaa, mimi nitawakuta jioni". Yaani unaisikia kabisa sauti inavyomuuma, maana kwa mama wa kichaga kumwambia mwanae akale njiani wakati anakuja nyumbani ni mtihani mkubwa sana.

Basi tukafika Marangu Mtoni, pale njia inapogawanyika, moja inapanda geti la mlima na nyingine inaenda Mwika mpaka Rombo. Kuna kihoteli cha mabati, meza chache zina vitambaa vya plastiki vya maua, ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki mtori (ile supu nzito ya ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage), supu, ndizi nyama, wali maharage. Ndani kulikuwa na wapagazi wameshuka mlimani siku hiyo hiyo, vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi, begi kubwa zimelazwa ukutani, kila mmoja ana bakuli la mtori mbele yake na hakuna anayeongea. Nikasema hapa hapa. Mtu aliyetoka kambi ya Horombo na mzigo kichwani, kutoka mita 3,720 kushuka mpaka getini, hawezi kula chakula kibaya afu akakaa kimya.

Tulikuwa tunataka kuagiza, mke wangu akaniuliza "na mama je? Tangu usiku yuko msibani, umemuuliza kama kala?" Sikuwa nimemuuliza. Nikapiga. Kala nini, kikombe cha chai tu. Nikamwambia tunatuma bodaboda ikulete tule wote. Akakataa katakata, "nije hotelini kufanya nini mimi, watu wataniona nakula barabarani na wajukuu, watasema nyumbani kwangu hakuna moto?" Mke wangu akachukua simu akamwambia "mama sisi hatuli mpaka ufike, watoto wana njaa, tunakusubiri". Kimya. Afu akasema haya.

Akaja na bodaboda, sweta juu ya kitenge, kanga mbili za msibani. Akakaa pembeni kabisa mwa benchi, nusu kakaa nusu kasimama. Chakula kilipoletwa, mama huyo kanyanyuka anataka kuwapakulia watoto! Dada anayehudumu akamshika bega taratibu akamwambia "kaa mama, hii ni kazi yangu". Mama akamwangalia, akatuangalia sisi, akakaa. Safari hii akakaa kweli, mgongo ukutani.

Mtori wenyewe sasa. Mzito, kijiko kinasimama, nyama imeshatolewa kwenye mfupa ikachambuliwa ndogo ndogo, juu kuna vidoa vya mafuta ya mfupa na ule ukali kidogo wa moshi wa kuni ambao jiko la gesi halitakupa hata ufanyeje. Pembeni pilipili ya kusaga na ndimu. Mama akaonja kijiko kimoja, akaweka chini, nikajua sasa atautoa kasoro. Akasema "niitieni aliyepika".

Akatoka mama mmoja wa makamo, kilemba kimejaa majivu. Wakaanza kichaga, na mimi kichaga changu kinaelewa vizuri kuliko kinavyosema, nikasikia mshare (ndizi ya mtori) huu wa wapi, wa kihambani, yaani shambani, kwangu, umeloweka maji ya moto au ya baridi, nyama uliiweka saa ngapi, kuni za nini, za mkahawa na mgrivelia. Ikaja kujulikana kwamba mama yake huyo mpishi aliimba kwaya moja na mama yangu wakiwa wasichana. Hapo ndo mama akacheka, akasema "aika mae", yaani asante mama, akamaliza bakuli akaomba lingine. Mama yangu kuongeza chakula! Nyumbani yeye hula mwisho, amesimama, kilichobaki kwenye sufuria.

Binti yangu wa darasa la nne akauliza ndizi inageukaje supu, yule mpishi akambeba mpaka jikoni akampa mwiko, wakaponda pamoja sufuria la pili. Karudi ana majivu puani anamweleza bibi yake jinsi ya kupika mtori, na bibi anamsikiliza kama hajui chochote.

Kitu kilichonishika zaidi ni mikono ya mama mezani. Maisha yangu yote vidole vya mama vina ule weusi wa utomvu wa ndizi, unajua haufutiki kwa sabuni, na kila tukienda ni ule mbichi wa siku hiyo. Siku hii vilikuwa visafi, amevikunja mbele ya bakuli, hana cha kushika. Na kwa sababu hana cha kushika akaanza kuongea. Akatuhadithia baba yake, yaani babu yangu, alivyokuwa akipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, malipo yalikuwa yanakuja kwa mafungu, na fungu la pili likitoka babu anawachukua watoto kwenda Moshi mjini kununua viatu vya Krismasi, na baada ya viatu anawaingiza hotelini karibu na stendi wanakunywa chai ya maziwa na mandazi, yeye babu amevaa koti, anaita mhudumu kwa kidole. Mama akasema ile ndo ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye kiti akaletewa kitu na mtu asiyemjua, na alijiona mtu mkubwa. Mimi hiyo hadithi nilikuwa sijawahi kuisikia. Mtu mzima na ndevu zangu sijawahi kuisikia, kwa sababu muda wote niliokaa kwa mama, mama yuko kwenye moto amenipa mgongo.

Tuliagiza na nyama choma kilo moja na nusu na ndizi za kuchoma, soda za watoto, bili nzima haikufika elfu 50 na tumekula watu wazima watatu na watoto watatu mpaka tukafungashiwa. Tukakaa kama masaa matatu hivi. Halafu ndo tukapanda wote kwenda msibani kutoa pole.

Ninachosema wakuu ni hiki. Tunadhani kumpenda mama ni kwenda kula chakula chake. Sawa, ni upendo, lakini kuna umri unafika yule mzee wa miaka sabini na kitu kubeba kuni na kumenya mkungu mzima kwa ajili ya watu sita ni kazi ngumu, na gharama nyingine ni kwamba hamuongei. Vihoteli vya miji yetu midogo, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu Rombo, Boma, vinapika chakula kile kile alichotulea nacho mama, kwa bei tunayoiweza, na tunavipita tunakimbilia piza mjini. Mnyanyueni mzazi siku moja mkamkalishe. Wengine mnafanyaje?

#2 Mchangiaji

Mkuu hapo kwenye vidole vya utomvu umenimaliza. Mama yangu yuko Kibosho, nimesoma nikiwa kwenye daladala nimeshindwa kuendelea, nimeshuka kituo ndo namalizia. Nampigia sasa hivi.

#3 Mchangiaji

Mi naomba nipingane na wewe kidogo mangi, kwa heshima. Mama wa kichaga jikoni kwake ndo kiti chake cha enzi. Ukimpeleka hotelini unamwambia mbele ya watu kwamba hawezi tena kulisha wanae. Mimi nilimpeleka wa kwangu Boma Ng'ombe tukale nyama, akala vipande viwili, kimya njia nzima, tulivyofika nyumbani saa mbili usiku akawasha moto akapika kiburu upya akatulazimisha tule. Na aliyeona aibu siku hiyo ni yeye, sio mimi. Kwa mama yako ilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na msiba, alikuwa na sababu ya kutopika ambayo kijiji kizima kinaijua. Siku ya kawaida asingekuja.

#4 Mleta uzi

#3 umeongea ukweli na sitaki kuupita. Msiba ulimfungulia mlango, ni kweli, na mpaka leo najiuliza kama siku ya kawaida angekubali. Ila kuna kitu sikukiandika huko juu. Bili ilipokuja mama akafungua fundo la kanga akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akasema soda za wajukuu na mtori wa mke wangu analipa yeye, kwa sababu Marangu ni kwao na sisi ni wageni. Nilitaka kukataa, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akalipa. Na alivyotoka pale alitoka kifua mbele, anawaaga wale wapagazi mmoja mmoja.

Kwa hiyo nadhani wa kwako Boma alikuwa mgeni wako. Uliamua wewe mahali, ukaagiza wewe, ukalipa wewe, na ni mbali na kwake hakuna anayemjua. Jaribu pale karibu na kijijini kwake, yeye achague, yeye aongee na mpishi kwa lugha yake, na akitaka kulipa hata chai mwache alipe. Mzee akiendelea kuwa mwenyeji hapati aibu.

#5 Mchangiaji

Mimi ni mtu wa Mwanza huku nimekuja kikazi Moshi mwaka huu. Mtori nimeuona kwenye menyu sana ila nilijua ni uji wa wagonjwa. Naomba mnaojua mnielekeze unapikwaje, mke wangu yuko na mimba nasikia ni mzuri.

#6 Mchangiaji

#5 karibu Moshi kaka yangu, na hongera. Kweli mtori ndo chakula cha mzazi huku kwetu, mama akishajifungua anapewa mtori na supu kila siku mpaka atoke nje amenona, ila wanakula wote, wanaume, watoto, na wazee wasio na meno ndo kabisa.

Tafuta mshare, ndo ndizi yake, pale soko la Mbuyuni au Kiboriloni ukiuliza unaonyeshwa. Usidanganywe na ndizi yoyote ya kijani, nyingine zinakuwa ngumu kuponda. Kwa watu sita ndizi kumi na mbili mpaka kumi na tano zinatosha. Nyama chukua ya mfupa, mbavu au kidari, kilo moja, bandika na maji mengi na chumvi kwanza peke yake, saa moja na nusu, mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe, povu unalitoa. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi utomvu usikushike, ukimenya tumbukiza kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Toa nyama kwenye supu, weka ndizi na kitunguu kwenye ile supu zichemke mpaka zinavunjika kwa kijiko. Hapo epua uponde kwa mwiko, hapo hapo kwenye sufuria. Wengine wanasaga kwa blenda siku hizi, inakuwa laini ila inakosa ile punje punje, mimi siipendi. Ukiwa mzito sana ongeza supu, chambua nyama irudishe, kijiko cha siagi au maziwa kidogo, ichemke tena dakika chache ukikoroga isishike chini. Ndimu na pilipili kila mtu mezani kwake.

Na mtori wa kuchanganya na viazi ulaya ili uongezeke, ambao ndo unauzwa sehemu nyingi mjini, huo usimpe mkeo ukamwambia ni mtori.

#7 Mchangiaji

Yote sawa ila usafi je? Mtoto wangu alishawahi kuharisha tulipokula barabarani, sitaji wapi. Tangu hapo nabeba hotpoti kutoka nyumbani, hata safari iwe ya Rombo na kurudi.

#8 Mleta uzi

#7 pole sana, mtoto akiharisha safarini ni shida na una haki ya kuogopa. Mimi naangalia vitu vitatu vinne nikiingia mahali. Cha kwanza kama watu wa pale pale wanakula, wapagazi, makonda, mafundi, maana hao wanarudi kila siku na mpishi akiwaumiza tumbo mara moja anafunga. Pili chakula kinatoka kwenye moto, mtori na supu vinachemka mbele yako, kachumbari mimi siagizi kwa watoto njiani. Tatu maji ya kunawa yanatiririka, pale kulikuwa na ndoo ya koki na sabuni mlangoni, na dada anasimamia kila anayeingia. Nikiona chakula kimefunikwa kimepoa kinasubiri mteja, natoka. Hotpoti yako ni nzuri, usiiache, ila mtoto nae aonje kwa wenyewe.

#9 Mchangiaji

Niko Dar, mama yuko Rombo, Mamsera. Sisi wa mbali ni Desemba tu, na Desemba mnaijua ilivyo, basi hazipatikani, nyumba imejaa wajukuu ishirini, na mama ndo anazidi kufa na kazi, anapika masufuria ya harusi kwa wiki mbili. Dada zetu wanasaidia ila msimamizi ni yeye, halali. Mwaka jana aliugua tulivyoondoka, daktari akasema ni uchovu. Tulikuwa hatujawahi kuunganisha hayo mawili mpaka nimesoma uzi huu. Nitaongea na ndugu kwenye grupu la familia, angalau siku moja katikati, sio ile ya Krismasi yenyewe, tumpeleke yeye na watu wachache pale Mkuu mjini, wengine wabaki wajipikie.

#10 Mleta uzi

#9 siku moja katikati ni wazo zuri sana. Na mchukueni na rafiki yake mmoja, jirani au mama wa jumuiya, akiwa na mwenzake wa rika lake ataongea zaidi na hatoona ni wajukuu tu wanamshangaa.

#11 Mchangiaji

Mkuu hujasema mbege, pombe yetu ya ndizi. Marangu ukose mbege? Mzee wangu hawezi kukaa meza isiyo na kata.

#12 Mleta uzi

#11 mbege ilikuwepo, mlango wa pili tu, wazee wako nje wanapokezana. Mimi ndo dereva na barabara ya kupanda Mwika kwenye ukungu haitaki utani, mama alikunywa chai ya tangawizi. Kama mzee wako anapenda, muulize mpishi asubuhi kama ni ya siku hiyo, ikikaa sana inakuwa kali na tumbo la mzee halitaki. Na mpe chakula kwanza.

#13 Mchangiaji

Elekeza basi vizuri hapo mahali, nampandisha mama mkwe wiki ijayo anaenda kliniki KCMC, tukimaliza kliniki nataka nimpeleke akale. Paking ipo? Anatembelea fimbo.

#14 Mleta uzi

#13 kutoka KCMC mpaka Marangu ni mwendo, muulize kwanza kama hajachoka, kama amechoka tafuteni hapo hapo Moshi mkapande siku nyingine. Ukienda, ukishapanda kutoka Himo, ukifika Marangu Mtoni penye njia panda ya geti na Mwika usikunje, simamisha gari kwenye uwazi wanapopaki Noah za abiria, kihoteli kiko upande wa mkono wa kushoto nyuma ya fremu za mbogamboga, ubao wa chaki utauona. Kuna ngazi mbili tu za kuingia, za saruji, hazina kishikio, kwa hiyo mtu mmoja amshike. Omba meza ya ndani kabisa karibu na jiko kuna joto, pale mlangoni upepo unapiga. Mfike kabla ya saa saba, wapagazi wanaoshuka wakishaingia mtori unaisha na sufuria la pili sio kila siku linapikwa.